Shilingi Iliyofundwa Kunong'ona

Blandine Nabintu aliuza vitenge Nateete, upande ule wa soko unaotazama stendi ya teksi. Siku mbili kwa wiki alifunga meza yake mapema, akaenda hospitali ya Nsambya kuwatafsiria Wakongomani wenzake waliolazwa. Hakuna aliyemlipa. Kule Bukavu alikuwa mwalimu wa Kifaransa kwa miaka tisa, lakini Kampala hakupata shule iliyotaka Kifaransa chake, na lugha nne alizokuwa nazo kinywani zilimkera zikikaa bure.

Mwanamke mmoja aliyeitwa Atoo alimkuta huko, katika wodi ya dharura ya wanaume na wanawake pamoja. Baba yake Atoo, mzee Saverio, sajenti mstaafu wa polisi, alikuwa amevunjika nyonga, na kitanda cha jirani kilikuwa na bibi mmoja kutoka Uvira. Daktari akamwuliza bibi kama bado anaumwa. Bibi akajibu, "Kidogo tu, baba." Blandine akamgeukia daktari.

"Amesema kidogo," alitafsiri. "Lakini, daktari, kwetu mtu mzima akisema kidogo mbele ya wageni, ujue usiku hakulala."

Daktari alirudi kumpima bibi upya, akambadilishia dawa. Atoo, aliyekuwa akimlisha baba yake uji, aliacha kijiko hewani. Blandine alipotoka, akamfuata hadi ngazini.

"Dada, samahani. Wewe unafanya kazi wapi?"

"Sokoni. Ninauza vitenge."

"Basi mimi natafuta mtu kama wewe. Nafanya kazi Benki Kuu, kitengo cha utafiti." Atoo alicheka kwa aibu. "Kiswahili nakijua, lakini changu ni cha balaki. Nimezaliwa hapa hapa Nsambya, nyumba za polisi. Ni Kiswahili cha simama, kaa, leta kitambulisho. Nikimwuliza mtu habari ya pesa yake kwa Kiswahili hiki, atainua mikono juu."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Benki Kuu ilitaka kujua kama siku moja inaweza kutoa shilingi isiyo ya karatasi wala ya chuma, shilingi ya kidijitali. Haikuwa imeamua kuitoa. Ilikuwa inachunguza tu. Blandine aliuliza swali ambalo kila mtu angeliuliza: si tunazo pesa za simu tayari? Atoo akamweleza kwamba pesa za simu ni ahadi ya kampuni. Kampuni ikianguka, mwenye pesa anakwenda kusimama kwenye foleni. Hii ingekuwa shilingi ya Benki Kuu yenyewe, sawasawa na noti, ila ingekaa kwenye kadi. Haingehitaji mtandao, na haingehitaji laini ya simu yenye jina lako.

Hilo la mwisho lilimgusa Blandine. Mwaka wake wa kwanza Kampala alikataliwa laini ya simu mara tatu kwa sababu ya karatasi zake za ukimbizi.

"Na sisi wakimbizi tumo?" aliuliza.

"Nimepigania mwezi mzima mwingizwe," Atoo alisema. "Mmo."

Jaribio lilichukua wafanyabiashara mia moja na ishirini wa soko la Nateete, wengi wao wanawake, kwa wiki nane. Kila mmoja alipewa kadi yenye shilingi elfu hamsini za kuanzia, na kimashine cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Wateja nao waligawiwa kadi langoni mwa soko; mnunuzi akigusisha yake, kimashine kinapokea. Kampuni iliyovitengeneza ilifikiria wasiojua kusoma, ikavipa sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito na yenye adabu, ikisema Kiluganda au Kiswahili, kama mwenye nacho alivyochagua: "Umepokea shilingi elfu nane. Salio lako ni shilingi laki mbili na elfu kumi na tano."

Wiki ya kwanza soko zima lilikuwa likizungumza. Watoto waliiga ile sauti. Blandine alizunguka meza kwa meza na Atoo akifundisha, na ilipofika zamu yake alipokea kadi na kimashine kama wengine, maana naye alikuwa mfanyabiashara wa soko hilo. Alikitundika kwenye msumari juu ya vitenge, na kila kilipotamka fedha zake, alijisikia mtu mwenye duka.

Wiki ya pili ikaingia, na shemeji yake Guerschom akapita kumsalimia. Alikuwa mtu mwema, mdogo wake Augustin, mume wa Blandine. Fundi wa viatu, mwenye watoto watano na shida zisizokwisha. Aliketi kwenye kigoda, akaulizia watoto, na wakati huo huo mteja akanunua kitenge. Kimashine kikanguruma kwa adabu yake yote: "Salio lako ni shilingi laki tatu na elfu arobaini."

Guerschom alikitazama kimashine. Alikunywa maji, akaaga. Jioni alikuja nyumbani, akakaa na kaka yake barazani, akasema mtoto wake wa tatu amefukuzwa shule kwa ajili ya ada.

"Mungu wangu, shemeji," Blandine alisema, "sisi wenyewe hatuna."

Guerschom alitazama chini. Hakumwita mwongo. Lakini alijua, na Blandine alijua kwamba anajua, na Augustin, ambaye hakuwa amewahi kumwuliza mke wake ana kiasi gani, alimtazama kwa jicho jipya. Zile laki tatu zilikuwa za mzigo wa vitenge uliokuwa njiani. Blandine akatoa elfu sitini. Kesho yake alikitoa kimashine msumarini, akakifungia sandukuni, akarudia noti zake zilizokunjwa ndani ya leso, ndani ya sidiria, mahali ambapo hata Guerschom asingeuliza.

Hakumwambia mtu.

*

Wiki ya tano walianza mahojiano. Atoo aliuliza kwa karatasi iliyopigwa chapa, Blandine akatafsiri, kijana wa chuo akaandika.

"Je, kadi hii imekufaa?"

"Muzuri sana, aksanti," walisema wanawake wa Kongo.

"Nzuri, mashallah," alisema Hajjati Halimah, mama wa Kinubi kutoka Old Kampala, mjane wa askari, aliyeuza mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, kwa gunia na kwa kopo. "Benki wametukumbuka. Mungu awalipe."

Blandine alitafsiri neno kwa neno. Siku ya tatu ilipomalizika, watu mia moja na wanane kati ya mia na ishirini walikuwa wamesema nzuri. Atoo alirudi ofisini akiimba.

Lakini Benki Kuu ilikuwa na hesabu nyingine, hesabu ya malipo yenyewe. Wiki ya kwanza yalifika mia nne kwa siku. Wiki ya tano yalikuwa kumi na moja. Soko zima, siku nzima, malipo kumi na moja.

Daktari Okwir, mkuu wa kitengo cha utafiti, msomi wa uchumi aliyevaa koti hata Februari, alizipanga karatasi mbili hizo sambamba. "Watu wanaipenda lakini hawaitumii," alisema. "Maana yake hawajaielewa. Andika: elimu kwa umma inahitajika." Kampuni ya vimashine ilikubaliana naye mara moja. Ripoti ilitakiwa mbele ya kamati ya Benki baada ya wiki tatu.

Atoo alikwenda Nateete na rasimu ndani ya mkoba. Alimkuta Blandine akikunja vitenge, akamsomea hitimisho. Wananchi hawajaelewa. Blandine aliendelea kukunja. Alikunja kitenge kimoja mara mbili, akakikunjua, akakikunja tena.

"Dada Atoo," alisema hatimaye, "wameelewa. Wameelewa kuliko ninyi."

"Kuelewa nini?"

Blandine akafungua sanduku, akatoa kimashine chake, akakiweka mezani kama mtu anayeweka samaki aliyeoza. Akamweleza habari ya Guerschom. Hakuacha kitu, hata lile jicho la Augustin.

Atoo alikigeuza kimashine mkononi. Kisha uso wake ukabadilika. "Kwa nini hukuniambia? Wiki tatu, Blandine! Mimi nimekaa mbele ya hao wanawake kama mjinga, nakusanya nzuri, nzuri, nzuri!"

"Uliniajiri nitafsiri wanachosema. Walisema nzuri."

"Kule hospitali hukutafsiri hivyo!"

Maneno hayo yalimchoma Blandine mahali pake. Aliketi. "Kule bibi alikuwa anaumwa yeye," alisema polepole. "Hapa nilikuwa ninaumwa mimi. Ningekuambia wanaficha pesa, ungeniuliza na wewe je? Ningesema nini? Kwamba ninamficha mume wangu? Mtu wa Benki amekuja na karatasi na kalamu, dada. Ukimwambia ubaya wa zawadi yake, kesho ataichukua, na jina lako analo. Kwa hiyo unamwambia nzuri, kama mwenye nyumba asiye hata na unga anavyomwambia mgeni karibu."

Karibu nao mwanamke mmoja alikuwa akinadi nyanya. Atoo alichukua ile rasimu, akaikunja mara nne, akaisukumiza ndani kabisa ya mkoba.

"Sawa," alisema. "Tuulize tena. Lakini vipi?"

Blandine alifikiri. Alipokuwa mwalimu, alijua kwamba mwanafunzi ukimwuliza kama ameelewa atasema ndiyo. Ukimwambia amfundishe mwenzake, ndipo unaona alipokwama.

"Tuache karatasi," alisema. "Tuache na yule kijana wa kalamu. Tuulize swali moja tu: dada yako akifika kesho kutoka nyumbani, akapewa kadi hii, utamfundisha nini?"

*

Walianza na Hajjati Halimah, wakakaa kwenye mikeka nyuma ya magunia. Blandine alianza kwa kusimulia ya kwake na Guerschom, bila kujificha. Hajjati alicheka mpaka ushungi ukateleza.

"Dada yangu nitamfundisha nini? Nitamwambia, kitu cha kwanza, kizibe mdomo! Tazama." Akachimba gunia la mukene kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kimashine kilichofungwa matambara matatu na mfuko wa plastiki. "Mteja akitaka kadi, natia kadi humu ndani, nakaa juu ya gunia. Na bado kinasema! Mwanangu wa kiume anapita hapa kila Ijumaa baada ya swala. Zamani alikuwa akiniuliza, mama umeshindaje. Sasa anatega sikio kwa gunia."

Baada ya hapo hapakuwa tena na nzuri. Mwuza maharage alikuwa amekitumbukiza chake kwenye ndoo. Mwuza unga alikuwa amekipeleka kwa jirani. Monique, msusi wa nywele kutoka Goma, alikuwa mkali zaidi: alikitupa chooni, na alikuwa tayari kulipa. Mmoja alifuatwa na vijana kutoka sokoni hadi Ndeeba baada ya sauti kutangaza laki tano. Mmoja mume wake aliacha kumpa pesa ya chakula siku ile ile aliposikia salio. Aliyasema hayo kwa lugha ya kwao, akitazama vidole vyake, na Blandine akayatafsiri kwa Atoo kwa sauti ya chini, na safari hii aliyatafsiri yote, pamoja na vile vidole.

Siku nne, wanawake themanini na saba. Usiku wa nne Blandine alimwambia Augustin kuhusu sidiria. Alitarajia ugomvi. Augustin alikaa akisugua goti lake.

"Mama yangu alikuwa anaficha kwenye sufuria ya zamani," alisema. "Sote tulijua. Hakuna aliyegusa. Nilidhani wewe huna sufuria, nikaona huruma." Wakacheka wote wawili.

*

Daktari Okwir hakucheka. Alisikiliza ofisini kwake, mikono mezani.

"Mkalimani," alisema, "analipwa kutafsiri, si kufikiri. Wiki mbili zimebaki, na ninyi mnaniletea hadithi za magunia."

Blandine alisikia uso wake ukiwaka. Lakini alikuwa amesimama mbele ya madarasa ya wanafunzi sitini, na alijua namna ya kusimama.

"Mheshimiwa, usituamini," alisema. "Njoo ununue mukene."

Alikuja. Atoo hakuamini mpaka alipomwona pale stendi bila koti, amevaa fulana ya timu ya mpira, na kadi ya majaribio mkononi. Hakuna aliyemtambua. Alikwenda kwa Hajjati Halimah, akaomba makopo mawili, akatoa kadi. Hajjati alimtazama kwa mashaka, akaichukua, akaizamisha kwenye gunia, akakaa juu yake na kujitanda khanga. Kutoka chini yake, kupitia mukene na plastiki na matambara matatu, ikapanda ile sauti yenye adabu: "Umepokea shilingi elfu kumi. Salio lako ni shilingi laki nne na elfu mbili."

Mpiga debe wa stendi akageuka. Mwuza mihogo akageuka. Mwanamume aliyekuwa akipita na mkokoteni akapunguza mwendo, akamtazama Hajjati, akalitazama gunia, akaendelea. Hajjati alikuwa ameinamisha kichwa, na daktari Okwir, aliyekuwa amesoma vitabu vyote kuhusu fedha, aliona kwa macho yake mama mtu mzima akiwa uchi sokoni kwa sababu ya kitu alichomletea yeye.

"Samahani, mama," alisema.

"Samahani ya nini, mwanangu? Chukua mukene wako."

Aliondoka na mukene wake mpaka nyuma ya soko, akampigia simu Kiyemba, mhandisi wa kampuni ile ya vimashine. Atoo na Blandine walisimama karibu, wakasikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Sitaki elimu kwa umma... Hapana. Nataka ujue nilichokiona... Kesho. Hapa hapa Nateete, uje na kompyuta yako."

Kiyemba alikuja, kijana mwembamba mwenye begi mgongoni, akidhani ataambiwa la kufanya na daktari Okwir. Daktari Okwir alimwonyesha mkeka. Wanawake kumi na watano walikuwa wamekwisha kaa.

"Kiseme kilichoingia tu," alianza mwuza maharage. "Hicho mteja anakijua, kwani ndiye aliyelipa."

"Na salio?" Kiyemba aliuliza. "Mtalijuaje?"

Blandine akatafsiri. Wakabishana. Mmoja akataka namba za kusoma, watatu wakasema hawasomi. Mwingine akataka kitetemeke, lakini nani atahesabu mitetemo ya laki mbili? Ndipo Hajjati Halimah akachukua kimashine, akakiweka sikioni kama mtu anayesikiliza kama saa inatembea.

"Kinong'one," alisema. "Mimi mwenyewe nikiweka kadi yangu, na namba yangu ya siri, kisha nikikiweka hapa, kininong'oneze. Nikikiondoa sikioni, kinyamaze. Binti akiolewa anafundwa: siri ya nyumba haitoki mlangoni. Na hiki nacho kifundwe."

Kiyemba alibaki ameshika kalamu. Ndani ya kila kimashine, alisema, mlikuwa na kifaa kidogo cha kutambua kitu kilicho karibu. Walikuwa wamekiweka kwa ajili ya kuokoa betri. Kingeweza kutambua sikio. Hakuna aliyewahi kufikiria.

"Siku ngapi?" aliuliza daktari Okwir.

"Mbili," alisema Kiyemba. Kisha akawatazama wale wanawake. "Moja na nusu."

Vimashine vilirudishwa sokoni Jumatano. Blandine alikitundika chake tena msumarini. Mteja wa kwanza aligusisha kadi. Kimashine kikasema kiasi kilicholipwa, basi. Alipobaki peke yake, alikiweka sikioni, na ile sauti nzito ya mwanamke ikamnong'oneza hesabu yake, yeye peke yake, kama rafiki. Alisimama katikati ya vitenge vyake, machozi yakimlengalenga, akajionea aibu kulia kwa sababu ya kipande cha plastiki.

Siku ile malipo yalikuwa mia moja na tisini. Ijumaa yakafika mia tano. Jumatatu iliyofuata Atoo alimpigia simu saa nne asubuhi, akipiga kelele kwa Kiswahili chake cha balaki: "Mia nane! Blandine, mia nane jana! Simama! Kaa! Sijui nifanye nini!"

*

Kamati ya Benki ilikaa Alhamisi, katika chumba cha ghorofa ya juu chenye zulia lililomeza hatua za miguu. Walikuwa watu tisa, na mwenyekiti wao mwanamke wa makamo mwenye miwani ya mnyororo. Atoo aliwasilisha matokeo. Aliwaambia waziwazi kwamba mahojiano ya kwanza yalikuwa ya bure, na kosa lilikuwa la karatasi yake. Daktari Okwir, bila kuombwa, akaongeza, "Na langu." Kisha Hajjati Halimah akaitwa azungumze, Blandine akiwa kando yake.

Mwenyekiti alimshukuru. Akamwuliza swali ambalo halikuwamo kwenye ratiba.

"Mama, umeomba jirani asisikie salio lako, wala mwanao. Tumeelewa. Lakini sisi Benki, kompyuta zetu zikiona uliuza nini, kwa nani, una kiasi gani, hilo nalo lina neno?"

Blandine alitafsiri. Aliona mkono wa Hajjati ukikaza mkoba. Aliona pia daktari Okwir akimtazama Hajjati kama mtu anayeombea jambo kimoyomoyo. Hajjati alirekebisha ushungi wake. Kisha akafungua mkoba, akatoa noti ya elfu ishirini, akaiweka juu ya meza ile inayong'aa.

"Hii mmeitoa ninyi," alisema. "Imepita kwa askari, kwa mchuuzi, kwa padri, labda kwa mwizi. Iulizeni ilikuwa mfukoni mwa nani jana. Haisemi. Mume wangu aliiamini, mimi ninaiamini, kwa sababu haisemi. Mkileta shilingi mpya inayonung'unika kwenu kila jioni habari zangu, leteni, ninyi ndio wakubwa. Lakini msiiite shilingi."

Blandine alivuta pumzi. Alitafsiri kwa Kiingereza, polepole, na kila neno akaliweka mahali Hajjati alipoliweka. Hakulainisha hata moja.

Mwenyekiti alivua miwani. Akaangalia ile noti, kisha akawageukia wenzake. "Nimekaa kwenye vikao vya jambo hili miaka miwili," alisema. "Hii ndiyo mara ya kwanza nimesikia noti ni nini."

Wageni wakaombwa wasubiri nje. Walisubiri dakika arobaini, Hajjati akihesabu tasbihi, Blandine akitembea toka dirisha hadi dirisha, Kampala yote ikiwa chini yake. Mlango ulipofunguka, daktari Okwir ndiye aliyetoka. Alijaribu kuwa na uso wa kiofisi, ukamshinda.

"Utafiti unaendelea," alisema. "Masoko matatu zaidi, mwaka mzima. Na wamepitisha sharti: shilingi yoyote ya kidijitali itakayowahi kupendekezwa na Benki lazima imfichie mwenye nayo siri yake kama noti inavyomfichia. Isipoweza, haitapendekezwa. Limeandikwa." Akamgeukia Blandine. "Na mimi niliwahi kusema neno baya juu ya wakalimani. Mwenyekiti ameuliza ni nani aliyetunga lile swali la dada. Nimemwambia. Timu ya masoko mapya inataka kiongozi wa mahojiano. Ni kazi ya mkataba, yenye mshahara. Ni yako ukiitaka."

Hajjati Halimah alipiga kigelegele pale pale, juu ya zulia lile, kigelegele cha arusini, kirefu, mpaka walinzi wakatoka kwenye lifti mbio.

Ripoti ilichapishwa mwezi uliofuata. Atoo aliileta Nateete mwenyewe, bado ina harufu ya wino, na wanawake wakaacha meza zao wakajaa kwenye kichochoro cha mukene. Blandine alipanda juu ya kreti la soda, akafungua ukurasa wa thelathini na moja, akawasomea kwa Kiswahili: kwamba wafanyabiashara wa Nateete waliifahamu fedha hii kuliko waliowaletea, kwamba muundo wake mpya umetokana na mapendekezo yao, na chini yake majina, moja moja, ya wote waliokubali kutajwa. Kila jina lilipotajwa, mwenyewe alipiga kelele. Monique, aliyekitupa chake chooni, alitajwa naye, na alipiga kelele kuliko wote.

"Na mtafiti?" Augustin aliuliza kutoka nyuma, akiwa amembeba mtoto begani, Guerschom akiwa kando yake. "Soma jina la mtafiti!"

Blandine akasoma. Atoo Lamwaka, na Blandine Nabintu.

"Rudia!" walisema.

Akarudia.

"Rudia tena, mwalimu!"

Miaka sita hakuna aliyekuwa amemwita mwalimu. Alisoma tena, kwa sauti ya kufika mwisho wa darasa kubwa, na soko la Nateete likamjibu.